Jibu la mtaalamu: Kwa nini The Clash na Joe Strummer bado wanasikika?

Swali: "Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mpiga gitaa hapa Mwanza, nina miaka 24. Nimeanza kuisikiliza The Clash, ile bendi ya Uingereza, kwenye simu na nimeipenda, lakini wenzangu wawili wananivunja moyo. Mmoja anasema bendi hiyo iliusaliti muziki wa panki siku ilipotia saini mkataba na kampuni kubwa, kisha ikakimbilia rege na rapu ambazo si zake. Mwingine anasema kiongozi wake, Joe Strummer, alikuwa mtoto wa balozi aliyejifanya mlalahoi. Kama ndivyo, kwa nini mtu aliyefariki mwaka 2002, na bendi iliyovunjika mwaka 1986, bado wanatajwa namna hii? Na nianzie wapi kusikiliza?"

Marahaba. Wenzako hawajasema uongo mtupu, na nitakubaliana nao katika mambo kadhaa. Lakini nianze na lile la balozi, kwa sababu ndilo lenye kosa la wazi.

Joe Strummer alizaliwa Ankara, Uturuki, tarehe 21 Agosti 1952, akaitwa John Graham Mellor. Baba yake, Ronald Mellor, alikuwa mtumishi wa Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza, ofisa wa kawaida ambaye hakuwahi kupanda hadi kuwa balozi, na mama yake, Anna Mackenzie, alikuwa muuguzi kutoka vijiji vya kaskazini mwa Scotland. Mtoto aliishi Cairo, Mexico City na Bonn, kisha akiwa na umri wa miaka tisa akaachwa katika shule ya bweni nchini Uingereza pamoja na kaka yake, David, huku wazazi wakiendelea kuhamishwa kutoka kituo hadi kituo. David, kijana mkimya, alivutwa na chama cha kibaguzi cha National Front, na mwaka 1970 akajiua. Mdogo wake ndiye aliyeutambua mwili wake. Sitaki kulifanya tukio hilo kuwa ufunguo wa kila kitu alichokifanya baadaye, kwa kuwa waandishi wengi wameshafanya hivyo kwa wepesi usiostahili. Ila mtu akikuuliza kwa nini Strummer aliuchukulia ubaguzi kama jambo la nyumbani, na si la kusoma magazetini, usilisahau.

Ni kweli, hata hivyo, kwamba alijitengeneza upya. Shuleni alikuwa John. Baadaye akajiita Woody. Na kufikia mwaka 1975 alikuwa Joe Strummer, jina linalomaanisha mtu wa kuchapa nyuzi tu, kwa sababu hakuweza kupiga solo. Alikuwa mtu wa mkono wa kushoto aliyejifunza gitaa la mkono wa kulia, hivyo mkono wake mwepesi ulishika shingo ya gitaa na mkono mzito ukabaki kuchapa. Wewe mpiga gitaa utaelewa mara moja maana yake: rizimu ngumu, kavu, inayofanana na mtu anayegonga mlango. Aliishi katika nyumba zilizoachwa tupu magharibi mwa London, ambazo vijana wasio na kodi walizivamia na kuzikalia, na bendi yake ya kwanza ya maana, The 101ers, ilipata jina lake kutokana na mojawapo ya nyumba hizo, namba 101 katika barabara ya Walterton. Lafudhi yake ya mitaani ilikuwa ya kuvaliwa. Hilo nalikubali bila ubishi.

Mnamo Aprili 1976, The 101ers walipiga ukumbi mmoja na bendi changa iliyowafungulia jukwaa, Sex Pistols, na Strummer akaona kwamba muziki aliokuwa akiupiga umezeeka ghafla. Miezi michache baadaye alikuwa ameiacha bendi yake na kujiunga na Mick Jones, aliyepiga gitaa la solo, na Paul Simonon, mchoraji ambaye hakujua besi hata akalazimika kuandika noti kwa rangi kwenye shingo ya gitaa lake. Meneja alikuwa Bernie Rhodes, mtu mwenye maneno mengi na maarifa yasiyo haba. Onyesho lao la kwanza lilifanyika Sheffield tarehe 4 Julai 1976. Mpiga ngoma aliyewafaa kweli, Topper Headon, alipatikana mwaka uliofuata, na kwa maoni yangu bila yeye yote nitakayokueleza hapa chini yasingewezekana, kwa sababu ndiye pekee kati yao aliyeweza kupiga rege, fanki, jazi na roki bila kubabaika.

Sasa tuje kwenye usaliti. Januari 1977 The Clash walitia saini mkataba na CBS, kampuni kubwa ya rekodi, kwa pauni 100,000, na ndani ya siku chache waandishi wa magazeti madogo ya vijana walikuwa wameshatangaza kwamba panki imekufa. (Kwetu neno panki lilibaki zaidi kwa vinyozi kuliko kwa wanamuziki, kwa hiyo niseme kwamba ilikuwa roki ya haraka, fupi, ya vijana waliokataa kusubiri hadi wajue kupiga vizuri.) Mkataba huo ulikuwa mbaya, na waliougundua ubaya wake mapema ni wao wenyewe. Kampuni ilipotoa wimbo wao mmoja kama santuri ndogo bila kuwauliza, walijibu kwa kutunga "Complete Control", wimbo unaoisema kampuni hiyohiyo, nao ukatolewa na kampuni hiyohiyo, Septemba 1977. Unaweza kucheka, na wengi walicheka. Lakini angalia ni nani aliyeitwa studio kuusimamia: Lee "Scratch" Perry wa Jamaika, mtayarishaji aliyekuwa kilele cha rege wakati ule.

Perry hakuja kwa bahati. Katika albamu yao ya kwanza, iliyotoka Aprili 1977, The Clash walikuwa wamepiga kopi ya "Police and Thieves", wimbo wa Junior Murvin ambao Perry ndiye aliyeutayarisha na ambao ulikuwa ukisikika kila kona ya Notting Hill katika kiangazi cha 1976. Mwishoni mwa Agosti mwaka huo vijana weusi walipambana na polisi kwenye karnivali ya mtaa huo, na Strummer, Simonon na Rhodes walikuwepo. Kutoka siku ile ulizaliwa "White Riot", ambao wabaguzi wengine waliufahamu kinyume, kana kwamba unawaita weupe kupigana na weusi, ilhali mwandishi alikuwa akiwalaumu vijana weupe kwa kukosa ujasiri wa majirani zao. Ni wimbo wenye nia njema uliotungwa ovyo. "Police and Thieves" ni jambo jingine kabisa. Usiusikilize ukidhani ni rege, kwa maana hawakuweza kupiga rege na walijua hivyo: gitaa moja linachapa juu ya pigo lenyewe na jingine linachapa katikati ya mapigo, ambako rege hukaa, kisha hayo mawili yanavutana kwa dakika sita. Inasemekana Murvin mwenyewe hakupendezwa. Lakini Perry, akiwa na Bob Marley aliyekuwa akiishi London mwaka huo, alishiriki kutunga "Punky Reggae Party", na ndani yake Marley anaitaja The Clash kwa jina.

Hapa ndipo ninapoachana na mwenzako wa kwanza. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo, na bendi nyingi za Uingereza zilizoazima muziki wa watu weusi zilithibitisha methali hiyo kwa kuficha zilikoazima. The Clash waliazima hadharani. Walimtaja mwenye mali, wakamwita studio, wakampandisha jukwaani, na pale mashabiki wao walipokataa, wakasimama upande wa mgeni. Naamini huo ndio urithi wao wenyewe hasa, kuliko nywele, jaketi na kelele, na ndiyo sababu nyimbo zao zimewafikia watu ambao panki haikuwahusu kamwe.

Mfano ulio wazi zaidi ulitokea New York. Mnamo Mei na Juni 1981 walipangiwa maonyesho manane katika ukumbi wa Bond's, Times Square. Tiketi zikauzwa kupita kiasi, mamlaka za jiji zikaingilia kati, na badala ya kuwarudisha watu nyumbani bendi ikapiga maonyesho 17 ili kila mwenye tiketi aingie. Kuwafungulia jukwaa walimwita Grandmaster Flash na kundi lake, Furious Five, vijana wa Bronx ambao muziki wao wa rapu ulikuwa bado haujavuka mto kwenda kwa wasikilizaji weupe. Watazamaji waliwazomea na kuwarushia vikombe. The Clash wakawakemea watazamaji wao wenyewe. Mwaka mmoja nyuma walikuwa tayari wamerekodi jijini humo "The Magnificent Seven", wimbo ambao Strummer anauchapa kwa mtindo wa rapu juu ya besi ya fanki, na redio ya watu weusi ya New York, WBLS, ikaupiga mfululizo bila kujali waliouimba ni akina nani. Chuck D wa kundi la rapu la Public Enemy, ambaye alikulia pembeni mwa jiji hilo, amesema mara nyingi jinsi alivyomheshimu Strummer, na mwaka 2019 ndiye aliyesimulia mfululizo wa vipindi vya sauti kuhusu historia ya bendi hiyo.

Kati ya London na New York ndipo ilipo albamu ambayo jina lake litakugusa wewe kuliko Mmarekani yeyote. "London Calling", iliyotoka Desemba 1979, ilichukua jina lake kutoka kwenye maneno ambayo BBC iliyatumia kuwaita wasikilizaji wake wa ng'ambo, hasa enzi za Vita vya Pili vya Dunia. Waliokulia na redio ya mbao sebuleni, wakisubiri Idhaa ya Kiswahili ya BBC iliyoanza mwaka 1957, hawahitaji kuelezwa mwito huo unavyosikika mtu anapozungusha kitufe usiku. Huenda Strummer aliusikia akiwa mtoto ughaibuni. Akaugeuza kuwa mwito wa jiji linalozama. Miaka 20 baadaye duara lilifungwa kwa namna ya kupendeza, maana BBC hiyohiyo ilimpa kipindi katika idhaa yake ya dunia, nacho kikaitwa kwa jina la albamu, na humo alipiga rekodi za Afrika, Amerika ya Kusini na Karibi kwa furaha ya mtu anayefungua mizigo baada ya safari.

Albamu yenyewe ina nyimbo 19 katika santuri mbili, na bendi ililazimisha iuzwe kwa bei ya santuri moja. Mwaka uliofuata walitoa "Sandinista!", santuri tatu zenye nyimbo 36, na ili bei ibaki chini walikubali kutolipwa mirabaha ya nakala 200,000 za mwanzo. Mwambie mwenzako huyo kwamba wasaliti wengi hawana desturi ya kujikata mshahara. Mimi kama msikilizaji nitakiri kwamba robo ya "Sandinista!" ingeweza kubaki studio bila mtu kulia, lakini ni albamu ambayo imejaa kalipso, injili, dabu, jazi na sauti za watoto, na hakuna bendi nyingine ya panki iliyothubutu kujiaibisha kwa ukarimu kiasi hicho.

Makosa yao hayakuwa madogo, nami sitayafunika. Tarehe 30 Aprili 1978 walipiga Victoria Park, mashariki mwa London, mbele ya makumi ya maelfu ya watu waliokusanywa na vuguvugu la Rock Against Racism, ambalo lilianzishwa baada ya Eric Clapton kutoa maneno ya chuki dhidi ya wahamiaji akiwa jukwaani. Ni siku iliyobadilisha vijana wengi. Mwimbaji Billy Bragg husema ndipo alipopata siasa zake. Lakini Strummer alipanda jukwaani akiwa na fulana yenye jina la Brigate Rosse, kundi la silaha la Italia ambalo saa ileile lilikuwa limemteka Aldo Moro, waziri mkuu wa zamani, na siku tisa baadaye lilimuua. Alipenda mapinduzi kabla ya kuyachunguza, na alama za mapinduzi kuliko hesabu zake. Baadaye alikiri kwamba mengi aliyoyafanya wakati ule yalikuwa ya kijinga.

Zaidi ya hapo kuna namna alivyoivunja bendi. Mwaka 1982, wakati albamu ya "Combat Rock" ikiwapeleka kwenye viwanja vikubwa vya Marekani, Topper Headon alifukuzwa kwa sababu ya heroini. Mwaka 1983 Strummer na Simonon, wakichochewa na Rhodes, wakamfukuza Mick Jones, aliyetunga nusu ya nyimbo zao. Albamu iliyofuata, ya mwaka 1985, ni mbaya, nami sikushauri uisikilize hata kwa udadisi. Kufika 1986 kila kitu kilikuwa kimekwisha, na Strummer akaingia katika takriban miaka kumi na mitatu aliyoiita jangwa lake: muziki wa filamu, uigizaji kidogo, albamu moja iliyopuuzwa, na kumtafuta Jones ili amwombe radhi.

Nyimbo, hata hivyo, ziliendelea kutembea bila watunzi wake, na si kila mara zilikwenda walikotaka. Mfikirie "Rock the Casbah". Muziki wake ulitungwa na Headon peke yake, ambaye alifika studio mapema na kurekodi ngoma, piano na besi kabla wenzake hawajafika. Maneno yalianza pale Rhodes alipolalamika kwamba nyimbo zao zimekuwa ndefu kama raga za Kihindi. Strummer akalinyakua lalamiko hilo na kulifanya kisa cha mtawala anayepiga marufuku muziki na raia wanaomkaidi. Mwaka 1991, katika Vita vya Ghuba, wanajeshi wa Marekani waliufanya wimbo wao, na jina lake likaandikwa kwenye bomu. Strummer alipoambiwa, alilia. Mwaka 2001, baada ya mashambulizi ya Septemba 11, uliingizwa katika orodha ya nyimbo ambazo vituo vya redio vya kampuni kubwa ya Marekani vilishauriwa kuzikwepa. Wimbo huohuo ulikuwa kifaa cha vita, kisha ukawa hatari. Halafu mwaka 2004 Rachid Taha, Mwaljeria aliyekulia Ufaransa, ambaye mwaka 1981 alikutana na The Clash mjini Paris na kuwapa kaseti ya bendi yake, aliuimba kwa Kiarabu cha Aljeria, kwa udi na vinanda, na wimbo uliotungwa na Waingereza kuhusu Waarabu wa kuwaziwa ukapata Mwarabu wa kweli wa kuusema. Mick Jones alipanda jukwaani kuupiga pamoja naye. Kwangu huo ndio ushahidi mzuri kuliko tuzo zote, kwa kuwa safari hii mwazimishaji alikuwa The Clash na mwazimaji alirudisha kitu kikiwa kimeongezeka thamani.

Jambo kama hilo limetokea tena kwa "Straight to Hell", wimbo unaozungumzia viwanda vya chuma vilivyofungwa kaskazini mwa Uingereza na watoto walioachwa Vietnam na askari wa Kimarekani. Mwaka 2007 M.I.A., msanii wa London mwenye asili ya Watamili wa Sri Lanka, alichukua mwanzo wa gitaa lake na kuujenga upya ndani ya "Paper Planes", kuhusu wahamiaji na pasi zao, na mamilioni ya watu wameucheza bila kujua ulikotoka. Huko Ajentina kundi la Los Fabulosos Cadillacs lilimwalika Jones studio, mwanamuziki Manu Chao wa Ufaransa amejenga nusu ya kazi yake juu ya mlango uliofunguliwa na "Sandinista!", na Granada, mji wa Hispania ambao Strummer aliupenda kwa ajili ya mshairi Lorca, tangu 2013 una kiwanja kidogo chenye jina lake.

Yeye mwenyewe alirejea mwaka 1999 na bendi mpya, The Mescaleros, akafariki ghafla nyumbani kwake Somerset tarehe 22 Desemba 2002, akiwa na miaka 50, kutokana na kasoro ya moyo aliyozaliwa nayo bila kuijua. Mjane wake na marafiki walianzisha mfuko, ambao leo unaitwa Joe Strummer Foundation, unaowasaidia wanamuziki wachanga kupata mahali pa kufanyia mazoezi na kurekodi. Naona ni kumbukumbu inayomfaa mtu aliyeanzia kwenye nyumba isiyo yake.

Kuhusu pa kuanzia, anza na "London Calling" nzima, kwa mpangilio wake, si nyimbo mojamoja. Kisha sikiliza "(White Man) In Hammersmith Palais" ya mwaka 1978, ambamo Strummer anaeleza usiku aliokwenda kwenye onyesho la rege akitafuta uasi na kukuta burudani, akagundua kwamba yeye ndiye mgeni aliyekuja na matarajio yasiyo ya wenyeji. Ni nadra sana mwanamuziki wa aina yake kujitungia wimbo wa kujicheka. Usiianze "Sandinista!" kabla hujaizoea bendi. Kama mpiga gitaa, chukua "Police and Thieves" na mwenzako mmoja, mgawane yale magitaa mawili, na mtaona jinsi ilivyo vigumu kutoteleza kuingia katika pigo la mwingine.

Na kwa ajili ya yule mwenzako wa pili, yupo "Bankrobber", wimbo wa mwaka 1980 uliotayarishwa na Mikey Dread wa Jamaika, ambao CBS iliukataa mwanzoni. Ndani yake Strummer, mtoto wa mtumishi wa serikali, anaimba kwamba baba yake alikuwa mwizi wa benki. Alichekwa kwa hilo, na ni haki achekwe. Lakini usiache kutafuta rekodi ya tarehe 15 Novemba 2002, alipopiga bila malipo katika ukumbi wa Acton, London, kuwachangia askari wa zimamoto waliokuwa kwenye mgomo. Mick Jones alikuwa amekaa miongoni mwa watazamaji. Wakati The Mescaleros walipoanza "Bankrobber" aliinuka, akapanda jukwaani bila kuitwa na kuchukua gitaa, mara ya kwanza kwa wawili hao kupiga pamoja hadharani tangu 1983, wiki tano kabla ya kifo. Sikiliza pale gitaa la pili linapoingia.